Kununua chombo cha tanga kilichotumika: maswali ya anayeanza

Wengi wanaouliza maswali haya ni watu wa mjini: mwalimu wa Tanga aliyechoka kukodi, kijana wa Mombasa mwenye akiba kidogo, mtu aliyerudi kutoka Muscat na anayetaka kuvua mwenyewe jioni. Shida yao huwa moja: macho yameshanunua kabla mikono haijapapasa mbao. Majibu haya ni ya pwani yetu, Lamu hadi Mtwara, na ni ya vyombo vidogo ambavyo watu wawili watatu wanaweza kuvishusha majini.

Sijawahi kuendesha chombo. Ninunue ngalawa, dau au mashua?

Ngalawa, ikiwa utakuwa na mwenzako mmoja na maji yako ni ya ndani ya miamba. Ni gogo la mti mmoja, mara nyingi mwembe, lililochongwa likawa na urefu wa mita 5 au 6, na matengo mawili, yaani mbao za kuelea za ubavuni, yanayoizuia isilale. Inaelea juu juu, kwa hiyo hupita hata penye maji ya magotini. Bei yake ni ya chini kuliko ya vyombo vya mbao, na fundi wake hakosekani karibu kila kijiji cha pwani.

Lakini lisifichwe hili: ngalawa ikipinduka kabisa, matengo yale yale yaliyokuwa yakiishikilia ndiyo yanayoizuia isirudi. Itaelea kifudifudi na wewe utakuwa umeishika tumbo ukingoja mtu apite. Ndiyo maana anayeanza hatoki peke yake, na hatoki kabisa siku kusi, upepo wa kutoka kusini, kimechachamaa.

Dau na mashua ni vyombo vya mbao zilizopigiliwa kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, juu ya mkuku, ule uti wake wa mgongo. Dau limechongoka mbele na nyuma. Mashua imekatwa bapa tezini, yaani nyuma. Vinabeba zaidi na vinastahimili mawimbi zaidi, ila vinataka farumi, yaani mzigo wa kuvipa uzito, vinataka mabaharia, na kalafati, kazi ya kuziba viungo vya mbao, haishi. Mashua ndogo iliyo nzima ni chombo kitamu. Sidhani kama ni cha kujifunzia, isipokuwa umepata nahodha wa kukaa naye msimu mzima.

Jahazi usilifikirie. Hiyo ni biashara.

Na boti ndogo za faiba zenye tanga, zile za vilabu?

Zipo Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, na huingia sokoni wenyewe wanapohama nchi. Inayoonekana mara nyingi ni Laser: urefu wa mita 4.23, bodi yake, yaani mwili mtupu, ina kilo 59 hivi, tanga moja la mita za mraba 7 na ushee. Ikipinduka unasimama juu ya ubao wake wa chini, inarudi, unaendelea. Kwa kujifunza upepo haina mfano, kwa sababu kosa lolote inakuonyesha papo hapo. Kwa kuvua au kubeba familia haifai kitu, na utalowa kila siku.

Ukienda kuiangalia, fanya mambo matatu. Inyanyueni watu wawili; ikiwa nzito kupita kiasi, maji yameingia ndani ya bodi na yamekaa humo. Bonyeza sitaha kwa kiganja, hasa karibu na mlingoti, isibonyee. Kisha jaza maji katika tundu anamosimama mlingoti, uweke alama, ungoje. Maji yakishuka, tundu lina ufa, na tundu lenye ufa siku ya upepo mkali huvunjika pamoja na sitaha. Uliza pia kamba na vipuri vinapatikana wapi. Kipande kidogo cha chuma cha usukani kikivunjika, fundi wa Nungwi hatakuwa nacho, na kukiagiza nje ni wiki kadhaa za kukaa ufukweni.

Si afadhali nitengenezewe kipya?

Kwa anayeanza, hapana. Hujui bado unataka nini: kirefu au kifupi, kipana au chembamba, tanga kubwa au la wastani. Kilichotumika kitakufundisha hayo kwa fedha kidogo. Tena chombo ambacho kimeingia majini miaka kadhaa kimeshaonyesha tabia zake, na majirani wanazijua hata kama muuzaji hazisemi.

Bei yake ni kiasi gani?

Bei ikiandikwa hapa leo, kesho itakuwa uongo. Hutegemea kijiji, msimu, na jinsi ulivyofika pale. (Gari kubwa liache mbali.) Njia iliyo salama ni kuigawa bei vipande. Muulize fundi asiyehusika na muuzaji: bodi kama hii mpya ingegharimu kiasi gani? Tanga jipya? Mlingoti na foromali, ule mti unaobeba tanga? Nanga na kamba? Halafu toa matengenezo yote unayoyaona, moja moja, mbele ya muuzaji, bila kejeli. Mara nyingi utagundua kwamba unachonunua hasa ni bodi, na vilivyobaki vyote vitabadilishwa ndani ya mwaka.

Kama nyavu, mishipi au mashine vimo kwenye bei, viondoe kwanza mzungumzie chombo kitupu. Wauzaji hupenda kukuchanganyia, na nyavu kuukuu hufanya bodi mbovu ionekane rahisi.

Fundi unayekwenda naye umlipe siku yake hata usiponunua. Usimwahidi kamisheni, maana atakayelipwa ukinunua atakushauri ununue.

Ni msimu gani mzuri wa kununua?

Kati ya Juni na Agosti kusi kinavuma kwa nguvu, vyombo vingi vidogo vinapandishwa juu, na mwenye shida ya fedha anakubali kuzungumza. Ndio wakati wa kutafuta na kukagua, kwa sababu chombo kilicho juu kinaonekana tumbo. Lakini kukijaribu, ngoja tanga mbili, pale kusi kimekwisha na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijashika, au angalau subiri asubuhi tulivu. Kununua katikati ya kaskazi, Desemba hadi Machi, si vibaya, ila hapo kila chombo kizima kina kazi. Kinachouzwa wakati wenzake wote wanavua kina sababu ya kuuzwa. Iulize.

Nitajuaje mbao hazijaoza?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote ni mapambo.

Nenda maji yakiwa yamekupwa, chombo kimekaa mkavu, jua lingalipo. Chukua kisu kidogo chenye ncha, nyundo ndogo na tochi. Anzia ndani. Nje hupakwa rangi kabla ya kuuza, na rangi mpya ya buluu ufukweni ni kitu cha kutiliwa shaka kuliko rangi iliyobabuka. Ndani hakuna anayepaka.

Ondoa mbao za kukanyagia ufike ngamani, chini kabisa maji yanapojikusanya. Muuzaji akisema haziondoki, zitaondoka. Kuoza huanza mahali maji ya mvua yanapokaa, na hapa watu wa mjini hushangaa: maji ya chumvi huhifadhi mbao, maji ya mvua ndiyo yanayoziua. Chombo kilichoachwa wazi masika mzima bila kufunikwa makuti kinaweza kuoza upesi kuliko kinachovua kila usiku. Kwa hiyo, chombo chenye kazi ya kila siku, hata kama ni kichafu na kinanuka dagaa, mimi nakiamini zaidi kuliko kilicholala miaka miwili chini ya mnazi kikiwa kimepambwa.

Chomeka ncha ya kisu, polepole, sehemu hizi: juu ya mkuku mahali maji ya ngama yanapotuama, kwenye mwashiri, yaani ule ubao wa chini unaoshika mguu wa mlingoti, miisho ya mbao kule omo, yaani mbele, na tezi, maana ncha ya ubao hunywa maji kama utambi, na nyuma ya kila taruma. Mbao nzima inakataa kisu. Iliyooza inakimeza. Kisha gonga kwa nyundo ukisikiliza. Sauti kavu ni njema. Ikibadilika ikawa nzito na butu, rudia pale, chomeka tena.

Tazama misumari. Michirizi ya kutu inayoshuka kwenye mbao maana yake msumari ndani umekonda, na mbao inayouzunguka imekuwa nyeusi na laini. Misumari miwili mitatu hubadilishwa. Ikiwa safu nzima inalia kutu, fundi atang'oa mbao, na mbao za zamani zikishang'olewa hazirudi zilivyokuwa.

Uliza ni mti gani. Mvule na mbambakofi ni miti ya kudumu na bei yake inajulikana. Siku hizi utakuta ubao mmoja wa mbambakofi, unaofuata wa mti laini uliopatikana karibu, wote chini ya rangi moja. Si kosa, ni hali ya maisha, lakini bei iwe ya chombo hicho ulichokiona.

Kwa ngalawa, kagua nyufa za kichwani na mkiani ambako gogo hupasuka likikauka. Viraka vya bati na lami utavikuta karibu kila ngalawa kuukuu na wala visikutishe. Omba tu kimoja kifunuliwe. Muuzaji mkweli atafunua, kwa kuwa lami si ghali. Halafu shika tengo kila upande ulitikise. Miti ya kuvuka inayobeba matengo ndiyo inayovunjika baharini, kwenye kifundo pale ilipofungwa kamba. Legeza kamba uone chini yake.

Mwisho, simama nyuma hatua kadhaa, fumba jicho moja, utazame mstari kutoka tezi hadi omo. Ukiona chombo kimenyanyuka katikati na kuinama ncha zote mbili, mkuku umepinda. Hilo halitengenezwi kwa bei utakayoipenda.

Nimesikia kuna mdudu anayekula vyombo. Ni kweli?

Kweli kabisa. Ni kiumbe wa jamii ya chaza, mrefu, laini, mwenye sura ya mnyoo. Huingia kwenye mbao akiwa mdogo sana, tundu lake la nje halizidi kichwa cha sindano, kisha hukua ndani akichimba njia inayoweza kufikia unene wa kidole. Mbao kwa nje huonekana nzima huku ndani imebaki vijia vitupu. Ndiyo maana nyundo haikwepeki, hasa chini ya mstari wa maji na ubavuni mwa mkuku.

Dawa ya wazee ingali ndiyo dawa. Chombo hupandishwa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu; maji yakitoka hukwanguliwa makome na majani, kisha tumbo hubabuliwa kwa makuti yanayowaka ili joto limfikie mdudu ndani. Baadaye hupakwa shahamu, mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na harufu yake utaizoea au mkeo atakufukuza, moja kati ya hayo. Wengine siku hizi hutumia rangi ya dukani ya kuzuia wadudu. Nzuri, ikiwa mbao zilikuwa kavu ilipopakwa.

Muulize muuzaji: mara ya mwisho kilichomwa lini, na nani alikuwepo? Anayekitunza anajibu bila kufikiri. Chombo kilichotiwa nanga mkononi mwa bahari miezi mingi bila kupandishwa, kichukulie kuwa kimeliwa hadi nyundo ikuonyeshe vingine.

Muuzaji anasema kinavuja kidogo, kikishakunywa maji kitaziba. Ananidanganya?

Huenda hadanganyi. Mbao zikikauka husinyaa, viungo hufunguka, na chombo kilichokaa juu mwezi mzima kitavuja siku ya kwanza hata kiwe kizima. Zikilowa hutanuka na kubana. Usihukumu siku ile ya kwanza.

Fanya hivi. Kubalianeni kishushwe na kikae majini siku mbili tatu, gharama ya mlinzi ulipe wewe. Kila asubuhi na jioni pima kwa kijiti kina cha maji ngamani, andika, kisha maji yafuliwe yote. Kinachopungua kila siku ni kiu ya mbao. Kisichopungua ni tundu, au kalafati imetoka: ile pamba yenye mafuta iliyoshindiliwa katikati ya mbao imeoza na inataka kutolewa iwekwe mpya. Kalafati mpya si msiba, fundi mzuri huimaliza upesi kwa chombo kidogo. Tundu lisilojulikana lilipo ndio msiba.

Kwa ngalawa, ambayo ni gogo moja, maneno ya kunywa maji hayafanyi kazi sana. Kama inavuja, ina ufa. Mimina ndoo chache za maji ndani ikiwa juu ya mchanga, uchuchumae, uone yanatokea wapi.

Tanga na mlingoti nivikague vipi?

Tanga la merikani liinue dhidi ya jua. Ukiona mwanga kwa vijitundu vingi, au ukilivuta kwa vidole vya mikono miwili likaanza kuachana, andika bei ya tanga jipya. Madoa meusi ya ukungu peke yake hayatoshi kulikataa. Tanga za mifuko ya plastiki zilizoshonwa pamoja zinasafiri vizuri mwanzoni, lakini jua huzimaliza, na zikianza kupukutika hazina tiba.

Foromali mara nyingi ni miti miwili iliyoungwa kwa kamba. Kagua muungo. Mlingoti utazame mahali kamba zinapousugua na pale unapopita kwenye ubao wa juu. Mvinje ulionyooka ni mlingoti mzuri na rahisi kupata, basi mlingoti mbovu usikuvunje moyo, ukuongezee tu maneno ya kupunguziwa bei. Kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, izungushe kwa mkono. Kamba za henza na jarari, zinazopandisha foromali, usizihesabu. Nunua mpya tangu siku ya kwanza, maana ikikatika foromali inashuka juu ya vichwa vya watu.

Safari ya majaribio iweje?

Mara ya kwanza aendeshe mwenye chombo, wewe kaa uangalie. Hesabu watu wanaohitajika kupandisha foromali. Kama wanne wenye misuli wamehema, wewe na shemeji yako hamtaiweza.

Mwambie aende bisho, amkabili upepo. Kila chombo huenda vizuri upepo ukitoka nyuma. Tofauti huonekana kwenye bisho. Tanga letu la pembetatu halivuki lenyewe kutoka upande mmoja hadi mwingine kama la boti za kizungu: chombo hugeuzwa, foromali na tanga vizungushwe mbele ya mlingoti, demani, kamba ya kuvutia tanga, ihamishwe upande wa pili. Angalia inachukua muda gani na nani anasimama wapi. Hapo ndipo wageni hupindua vyombo, akiwa mtu amesimama upande wa demani, yaani upande wa chini wa upepo, tanga likibeba upepo ghafla.

Kisha shika kana, mkono wa usukani, wewe. Chombo kikiachiwa kidogo kikageuka taratibu kuelekea upepo unakotoka, ni tabia nzuri. Kikikuvuta mkono hadi bega linauma, au kikikimbilia upande wa chini wa upepo, mlingoti au tanga haviko mahali pake, na hilo fundi aliangalie kabla hamjataja bei. Mkirudi, chungulia ngamani kabla ya kuchungulia simu.

Nitajuaje anayeuza ndiye mwenyewe?

Hapa watu hupoteza fedha kuliko kwenye mbao mbovu. Vyombo vyetu vingi ni vya ubia, au ni vya marehemu. Baba amefariki, mtoto mmoja aliyebaki kijijini anavua nacho, siku moja anakiuza. Miezi sita baadaye wanakuja dada zake kutoka Dar na Mombasa na haki yao ya mirathi, na wako sahihi.

Basi uliza waziwazi, tena kwa adabu: chombo hiki kilikuwa cha nani? Yupo hai? Warithi ni nani? Ikiwa ni cha mirathi, warithi wote watie saini au wawe na msimamizi aliyethibitishwa. Andikeni hati ya mauziano yenye maelezo ya chombo, jina lake, urefu, namba ya usajili kama ipo, na vifaa vinavyokwenda nacho. Shahidi awe sheha ukiwa Zanzibar, mwenyekiti wa kijiji au mtaa ukiwa Bara, chifu au mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ukiwa Kenya. Ukipita kwa mzee wa bandari au wa diko, pale vyombo vinapotia nanga kijijini, kabla ya kulipa, dakika kumi za kahawa zitakwambia kama chombo kina deni, ugomvi, au kilishawahi kuzama.

Fedha taslimu zote siku moja, ufukweni, jioni, bila shahidi: usikubali hata kwa bei ya kugawa.

Serikali inataka nini?

Usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo vidogo Tanzania Bara uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, lililopokea kazi hiyo kutoka SUMATRA, mamlaka ya usafiri iliyokuwepo kabla yake. Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA. Kenya ni KMA, mamlaka ya bahari ya nchi hiyo, iliyoanzishwa 2004. Kuvua ni jambo jingine lenye leseni yake kutoka idara ya uvuvi, na kubeba abiria au watalii kwa malipo ni jingine tena lenye masharti makali zaidi. Leseni ya uvuvi ya mwenye chombo wa zamani usidhani imekuja na chombo.

Kabla ya kulipa, chukua namba iliyoandikwa ubavuni uende nayo ofisini. Namba isiyofanana na karatasi ni sababu tosha ya kuaga.

Nimepata chombo cha resi, kina kasi sana na bei nzuri. Vipi?

Wachia wanaokimbia. Vyombo vya mashindano ya Lamu na Unguja hubeba tanga kubwa kupita mwili wao, na huwekwa sawa na vijana wanaoning'inia nje upande wa joshi, unakotoka upepo, wakijua sekunde ya kurudi ndani. Ukikitaka kwa lazima, nunua bodi na ushone tanga dogo.

Nifunge mashine?

Mashua yenye tezi bapa inaweza kubeba mashine ndogo ya nje. Uliza kwanza kama ubao wa tezi uliwahi kubeba mashine: mtikisiko hulegeza misumari, na matundu ya zamani ya boliti huoza kimyakimya. Kwa ngalawa, kasia na pondo vinatosha. Mashine pia isiwe kisingizio cha kutokujifunza tanga, kwa sababu huzimika siku mbaya.

Baada ya kununua, fedha zinaendelea kwenda wapi?

Kwa mlinzi, kwa fundi, kwa kamba. Kupandisha na kuchoma, shahamu au rangi, kalafati, tanga kushonwa upya, makuti au turubai la kufunika masika. Weka pembeni sehemu nzuri ya bei uliyonunulia kwa ajili ya mwaka wa kwanza, kwani mwaka wa kwanza unalipa uzembe wa mwenye chombo aliyepita.

Halafu kuna vifaa ambavyo havijadiliwi: jaketi okozi kwa kila mtu, nanga yenye kamba ndefu, makasia, upo au ndoo ya kufulia maji, tochi, filimbi, maji ya kunywa, simu ndani ya mfuko usioingia maji. Wavuvi wengi hawavai jaketi. Wao wamezaliwa humo, wewe vaa.

Nina kazi mjini. Naweza kumwachia mvuvi akitumie siku nisipokuwepo?

Ndiyo, na chombo kitakushukuru kwa kazi. Lakini kubalianeni mapema kuhusu mgao. Desturi ni kutoa gharama za safari kwanza, kisha kilichobaki kigawanywe mafungu, chombo kikiwa na fungu lake na nyavu fungu lao. Mafungu hutofautiana kijiji na kijiji, fuata ya pale pale. Jambo linalovunja urafiki ni matengenezo: amueni nani analipa tanga likichanika kazini. Uliza pia nyavu gani atatumia, maana nyavu zilizokatazwa zikikamatwa, chombo kinakamatwa nazo, na jina ubavuni ni lako.

Nani atanifundisha?

Aliyekuuzia, kama mmeachana kwa wema. Weka katika mapatano kwamba atatoka nawe mara kadhaa. Wengi hukubali kwa furaha, na atakwambia mambo ya chombo ambayo hakuyasema kabla ya fedha kubadilisha mikono. Zaidi ya hapo, mtafute mzee wa kijiji anayejua mafungu ya mchanga na mikondo ya maji yenu. Bamvua maji yanaweza kupanda na kushuka kwa karibu mita 4 katika maeneo kama Unguja, na mkondo unaotoka mlango wa mwamba wakati huo hushinda upepo mwepesi. Mwanzoni toka siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, asubuhi, rudi kabla ya adhuhuri.

Sikiliza utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, tangazo hilo linakuhusu wewe kabla ya mwenye meli.

Niko Mwanza. Haya yananihusu?

Kwa sehemu kubwa. Ziwani hakuna bamvua wala yule mdudu wa chumvi, lakini maji baridi huozesha mbao kwa haraka, basi kisu na nyundo vifanye kazi maradufu. Na dhoruba za Ziwa Victoria hufika kwa ghafla kuliko zetu.

Nimeshanunua, ila chombo kiko kijiji cha mbali. Nikifikishe vipi?

Ngalawa hufunguliwa matengo, ikapanda lori, ikafika. Itandikie magunia ya majani chini, na isifungwe kwa kamba zinazobana katikati. Dau au mashua ije kwa bahari na nahodha anayeijua njia, wewe ukiwa abiria. Chagua upepo: ukitoka Lamu kwenda Mombasa au Pemba kwenda Dar, ngoja kaskazi, ukipanda juu kuelekea kaskazini, ngoja kusi kilichotulia, Septemba hivi. Mkuu wa safari ni nahodha. Akisema leo hatuondoki, lipia chakula cha siku nyingine na mlale.